Ushauri: breketi ya flashi ya kupindua au ya kuzungusha, ipi inafaa kwa harusi?

BintiChumbageni
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni mpiga picha, niko Tanga, na kazi zangu nyingi ni sherehe za akina mama: singo, kupamba, kumtoa bibi harusi. Nataka breketi ya flashi, kile chuma cha kuishikilia flashi juu ya kamera, na nimekwama kati ya aina mbili. Kuna ya kupindua: ukisimamisha kamera wima, unapindua mkono wa flashi urudi juu ya lenzi. Na kuna ya kuzungusha: flashi inabaki palepale juu, kamera ndiyo inayozunguka ndani ya fremu yake.

Shida yangu ni kivuli. Nikisimamisha kamera wima, flashi inakuwa ubavuni, na kivuli cha bibi harusi kinajichora kwenye satini nyeupe nyuma yake: kichwa, ushungi, mpaka hereni. Juzi mama mzazi kanishikia picha mbele ya watu, akaniuliza, "Mbona mwanangu kapigwa picha na jini?" Tangu siku hiyo sina raha.

Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, unakaribia na oda zimeshaingia. Ipi ni nyepesi, na ipi inadumu?

MzeeWaNegativu
Binti, umenikumbusha mbali. Sisi enzi za filamu tulikuwa na Metz 45, flashi ya mpini, inakaa kushoto kwa kamera kama kurunzi ya mlinzi. Filamu moja picha 36, huwezi kufyatua hovyo. Nakumbuka harusi moja Muheza umeme ukakatika, ukumbi mzima ukawa unasubiri flashi yangu iwake ndipo watu waone sahani zao. Bwana harusi mwenyewe alikula kwa mwanga wangu! Siku hizi vijana mna kila kitu, na bado mnalalamika.

BintiChumbageni
Shikamoo mzee. Hiyo Metz ilikuwa nzito?

MzeeWaNegativu
Marahaba. Nzito sana, lakini tulikuwa na mikono.

LenziYaKariakoo
Dada, taja kwanza kamera, lenzi na flashi. Halafu kwa nini usielekeze flashi darini? Mwanga ukigonga dari jeupe unarudi mpana na laini, na kivuli kinakufa chenyewe. Breketi haifanyi hivyo. Breketi inahamisha kivuli tu, kinashuka nyuma ya mabega badala ya kukaa pembeni. Mwanga wenyewe unabaki mkali vilevile.

BintiChumbageni
Nikon D750, lenzi ya 24-70 f/2.8, flashi ya Godox ya betri nne. Dari silipati. Wapambaji wa huku wanafunika dari lote kwa vitambaa, na msimu huu ni zambarau. Nimejaribu, bibi harusi katoka uso wa zambarau. Kumbi nyingine hazina dari kabisa, ni bati juu kule. Ndiyo maana nauliza breketi. Uzito wake ukoje?

UstadhMlezi
Mimi nina swali la msingi kuliko yote haya. Picha za ndani za akina mama, wamevua mabaibui, wamejipamba, zinaenda wapi baada ya sherehe? Leo ziko kwenye kamera yako, kesho ziko kwenye magrupu. Tumeona mengi. Kabla ya kutafuta vyuma, tafuta kwanza amana.

MamaNusra
Ustadhi, hajauliza hilo. Na kwa taarifa yako, sisi tunamtafuta mpiga picha mwanamke kwa sababu hiyohiyo. Mlangoni simu zinakusanywa, na kadi ya kamera anakabidhiwa mwenye shughuli. Tumwache dada ajibiwe.

MwangaPembeni
Breketi ni mambo ya kizamani. Nunua stendi, weka flashi juu, mwamvuli mweupe, triga ya redio ya 2.4 GHz kwenye kamera. Stendi moja kila upande wa jukwaa, umemaliza. Mimi tangu nihamie huko sijatazama nyuma. Wateja wangu wa kwanza walikuwa wa kipaimara Moshi, sasa hivi napata mpaka mikutano ya kampuni, na juzi nimepiga uzinduzi wa...

BintiChumbageni
Ahsante kaka, ila ungeiona singo usingesema stendi. Ngoma ikikolea watu wote wako katikati, watoto wanapita miguuni, na akina mama wanakwenda kumtunza bibi harusi kwa mistari. Stendi itamwangukia mtu, na msaidizi wa kiume haruhusiwi kuingia. Mwanga lazima niubebe mimi. Kuna anayejua uzito wa ile ya kuzungusha?

FundiKiwambo
Kwa kuwa umeuliza: ya kupindua ni nyepesi, ina viungo vichache, lakini kila ukigeuza kamera lazima mkono wa kushoto uende kupindua. Ya kuzungusha ni rahisi kutumia, unageuza kamera kama usukani, ila ni chuma zaidi, nyingi zinaongeza kama nusu kilo. Zote mbili zinataka waya wa TTL, yaani wa kuiunganisha flashi na kipimo cha mwanga cha kamera; kwa Nikon ni SC-28 au mfano wake, ama triga. Bila hivyo flashi haiwasiliani na kamera. Angalia pia skrubu ya chini, ile ya robo inchi. Ikilegea katikati ya shughuli, kamera inacheza ndani ya breketi na utaikaza usiku kucha.

Sasa na mimi nikuulize. Umeuliza uzito karibu kila unapoandika. D750 na betri ni kama gramu 840, lenzi yako gramu 900, flashi na betri zake inakaribia nusu kilo. Kilo mbili na zaidi tayari unazibeba kila wiki na hujalalamika. Mkono una nini?

BintiChumbageni
Mkono mzima, kaka. Nataka tu kujua.

MamaNusra
Mdogo wangu, hapa hakuna anayekujua. Sema.

BintiChumbageni
Haya. Nina mimba, na imeshakuwa kubwa. Mkono wa kulia unakufa ganzi: kidole gumba, cha shahada na cha kati. Usiku naamka naukung'uta. Kwenye shughuli ya mwisho nilishindwa kuhisi kitufe, nikawa nabonyeza kwa kuangalia. Sikutaka kuandika kwa sababu najua mtasema nikae nyumbani. Siwezi. Malipo ya awali nimeshapokea na mengine nimeshanunulia vitu vya mtoto. Na hiyo ya kuzungusha nimeshaitangulizia elfu hamsini kwa jamaa wa Dar, anasema ataipakia kwenye basi. Nadhani itanisaidia, kwa sababu mkono hautapinda tena nikisimamisha kamera.

NesiBombo
Dada, hiyo ganzi ni ya kawaida mimba ikiwa kubwa. Maji yanajaa mwilini, kifundo cha mkono kinavimba na kuubana mshipa wa fahamu unaopita hapo. Mara nyingi huisha baada ya kujifungua. Iseme kliniki siku yako ya kwenda, usisubiri ukishindwa kushika kikombe. Huwa tunashauri bendeji ngumu ya kifundo, ulale nayo kifundo kikiwa kimenyooka. Kuongeza chuma cha nusu kilo kwenye mkono huohuo sikuungi mkono.

DumeLaMbegu
Mume yuko wapi? Mwanamke mjamzito anabeba kilo tatu usiku na mwanaume kalala? Kizazi hiki bwana.

MamaNusra
Haya, mwingine huyo.

MachoMakavu
Jamani mbona mmelala? ID ya wiki hii. Uzi wa kwanza ni breketi. Anaanza kwa kuuliza, kumbe ameshapata, kuna muuzaji Dar, kuna kishika uchumba, sasa kuna na mimba ya kutulainisha. Hii chai, tena ya tangawizi. Kesho mtaona "jamaa ana nyingine zimebaki, namba hii hapa". Nimeshauziwa lenzi kwa mtindo huuhuu.

MwangaPembeni
Hata mimi nilishangaa, nani bado ananunua breketi zama hizi?

DumeLaMbegu
Tulijua tu. Mods wafunge huu uzi.

BintiChumbageni
Kaka MachoMakavu, nionyeshe nilipotaja jina la duka au namba ya simu. Nimefungua ID wiki hii kwa sababu hapa Tanga wapiga picha wote tunajuana, na nikiuliza kwao kesho mteja wangu ataambiwa sina mkono. Ukitaka ushahidi, nina picha ile ya kivuli, ila ina uso wa mtoto wa watu na kadi si yangu. Siwezi kuiweka hapa hata mniite tapeli.

FundiKiwambo
Mimi namwamini. Tapeli angekuja na bei na picha za bidhaa. Hili la kubonyeza kitufe kwa kuangalia halitungwi kirahisi.

Sasa sikia dada, achana na breketi zote mbili. D750 inatoa picha ya pikseli 6016 kwa 4016. Piga kamera ikiwa imelala. Hapo flashi iko juu ya lenzi, penyewe, na mkono haupindi. Rudi nyuma kidogo, acha nafasi pembeni, kisha kata wima kwenye kompyuta. Unabaki na 2677 kwa 4016. Ukurasa wa albamu wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi unataka 2480 kwa 3508, kwa hiyo chenji inabaki. Mteja akitaka picha kubwa ya ukutani, hiyo moja isimamishe wima mchana, kwa mwanga wa dirisha.

Msogeze pia bibi harusi mbele, mita moja na nusu kutoka kwenye satini. Na hiyo 24-70 ibadilishe, weka 50mm f/1.8G, ina gramu 185 tu. Umepunguza zaidi ya gramu 700 kwa mpigo. Kama una betri gripu, ule mpini wa betri wa chini ya kamera, ing'oe leo.

BintiChumbageni
Gripu ninayo, naipenda kwa sababu ya kitufe cha wima. Lakini 50mm kwenye singo si itanibana? Nikitaka kuwatoa mashoga zake wote wanane jukwaani?

FundiKiwambo
Kwa picha hizo mbili tatu rudisha ile kubwa, piga, itoe. Usiku mzima usiibebe.

BintiChumbageni
Nimejaribu jioni hii na mdogo wangu, nimemsimamisha mbele ya shuka jeupe. Kwa kulaza kamera kivuli kimejificha nyuma ya shingo, kimebaki kidogo kwenye bega. Nimekata wima, kope zinahesabika. Ganzi imekuja, ila imechelewa. Jamaa wa Dar nimemwomba ile hela anitumie betri za kuchaji na triga badala ya breketi. Ameisoma meseji, hajajibu.

LenziYaKariakoo
Akikubali, hiyo breketi mimi naitaka. Mwambie anitumie picha ya sehemu ya chini. Nataka kuona kama mlango wa betri unafunguka bila kung'oa skrubu.