Tupeane uzoefu: ulipokosa pa kulala, nani alikupa nyumba?

Mama Rehema (Kawempe, Uganda): Jana nimepita Kiteezi, kwenye jalala la Kampala, na boda nikaona ule mlima wa takataka, nikakumbuka ile Jumamosi ya Agosti 2024 ulipoporomoka ukazika nyumba na watu ndani. Dada yangu alilala kwenye tenti na watoto, mimi nawapelekea uji. Nyie mlipokosa nyumba ni nani aliwasaidia? LC (serikali ya mtaa), wilaya, ama?

Baba Twins: Ndugu tu.

Wa Mlimani: Mimi ni wa Nametsi, Bududa, kule Mlima Elgon. Tarehe 1 Machi 2010 jioni, mvua kubwa, watu wamejibana pale senta ya maduka, mimi nimetumwa chumvi upande wa pili. Nikasikia mngurumo nikadhani ni lori, kugeuka, senta hakuna. Hakuna kabisa, matope tu na migomba imelala. Mama sikumwona tena. Tukakaa kambini Bulucheke, usiku maji yanapita chini ya mkeka, baadaye mwaka huo huo tukapakiwa mpaka Kiryandongo, mbali na mlima, ekari mbili na nusu kila familia, tukaambiwa nyumba zinakuja. Baba akakata miti akatandika turubai. Lile turubai lilichakaa mpaka ukilala unaona nyota, nyumba bado. Siku tumepewa ufunguo baba alishika kitasa akawa anafungua anafunga, anafungua anafunga, hasemi kitu.

Mama Rehema: Pole sana mwanangu. Nimelia hapa kazini.

Kijana wa Mbale: Lakini wengine walipewa nyumba Bunambutye 2019, na shamba pia, wakarudi mlimani. Serikali ifanye nini tena?

Wa Mlimani: Umelala kule hata usiku mmoja? Tambarare, jua kali, na sisi tumezoea ndizi na kahawa. Na makaburi ya wazee yako juu.

Kijana wa Mbale: Ndugu yangu, mlima umeua tena Bulambuli Novemba 2024. Mjomba wangu yuko juu mpaka leo, mvua ikianza sipati usingizi. Ndiyo maana naongea hivi.

Shangazi wa London: Huku Uingereza tangu 1977 kuna sheria inabana halmashauri zisaidie asiye na nyumba, ila wenye watoto au mimba wanatangulia, kijana wa kiume peke yake mara nyingi hapewi nyumba. Mimi nilifukuzwa na mwenye nyumba nina mimba ya miezi 7, nikapewa chumba kimoja cha hosteli, jiko tunashea familia 4, miaka miwili. Ushauri wangu: usitoke kabla ya karatasi ya korti, watasema umejitoa mwenyewe.

Baba Twins: Hapa ukikaa ndani tingatinga itakukuta humo humo shangazi. Toa vitu mapema.

Fundi Ali: Mimi nimekulia Naguru, Kampala, zile nyumba za halmashauri ya jiji. Tulibomolewa Julai 2011, familia zaidi ya 1,700 pamoja na Nakawa, tukaahidiwa fleti. Risiti za kodi za marehemu mama ziko kwenye mkebe wa biskuti, na barua ya LC1 yenye muhuri. Tunzeni karatasi jamani, bila karatasi hukuwahi kuishi pale.

Jirani wa Matugga: Karatasi hailaliwi. Changeni mnunue hata kiploti kidogo.

Mama Rehema: Fundi, na kama karatasi zimezikwa? Za dada ziko chini ya zile takataka. Mwenyekiti wa LC1 anaweza kumwandikia nyingine?