Naomba ushauri: niache kazi ya halmashauri Arusha niende kampuni binafsi Moshi?

Afisa wa Kata
Wakuu, habari za majukumu. Naombeni ushauri wenye busara, matusi wekeni pembeni maana nimeshachoka tayari.

Mimi ni afisa maendeleo ya jamii, mwaka wa saba kazini, halmashauri moja huku Arusha. Kazi yangu ni vikundi vya wajasiriamali: kuwasaidia kuandika katiba, kuwasajili, kuwaombea mkopo wa asilimia 10 (ile sehemu ya mapato ya ndani ya halmashauri wanayokopeshwa wanawake, vijana na wenye ulemavu), kisha kuwafuatilia warejeshe. Kazi naipenda. Kuna mama nilimkuta na beseni la karanga pale soko la Kilombero, nikahangaika naye mpaka akapata barua ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, na nembo ya ubora ya TBS, leo anapakia maboksi kwenye mabasi ya Dar. Ila kata ninazo mbili, pikipiki yangu, mafuta yangu, na mwisho wa mwezi bosi haulizi nimefundisha wangapi. Anauliza marejesho yamefika asilimia ngapi.

Sasa kampuni moja ya mikopo Moshi inanitaka niwe meneja wa tawi. Mshahara unazidi huu kwa 450,000. Jibu wanalitaka Ijumaa. Niende, nibaki? Nina mke na mtoto mmoja.

Mangi wa Pasua
Njoo Moshi mkuu, unasubiri nini? Kodi za nyumba nafuu, mji msafi, kijiko cha mtori kinasimama chenyewe. Desemba wenyeji wakirudi toka Dar utakopesha mpaka hela za ndafu.

Ngoja Waje
Nimewahi siti ya mbele.

Mama Wawili
Ajira ya serikali haiachwi jamani! Mume wangu aliacha ualimu akaenda Mirerani kutafuta tanzanite. Miaka mitatu ananiambia "mama Junior, wiki hii tunatoboa". Alitoboa ukuta wa sebule akiweka televisheni ya mkopo. Leo chaki anaziona mkononi kwangu.

Mstaafu wa Sakina
Kijana, kazi yako naijua. Mimi niliajiriwa 1984, sheria ya nguvu kazi ina mwaka mmoja. Mwenye beseni mtaani wakati ule alikuwa mzururaji, tunamkamata. Baadaye tukaambiwa tumpe leseni, ya nguvu kazi hiyo hiyo. Nimestaafu 2019, vitambulisho vya wajasiriamali vya 20,000 vimepamba moto. Katika wateja wangu wa mwisho alikuwa mama niliyewahi kumkamata na maandazi. Alinitambua. Akalipa, akanipa na andazi. Sikulila.

Dada wa Kiborloni
Mzee wangu shikamoo, lakini ameuliza aende au abaki.

Mleta uzi, mimi lipo moja linanikera. Mkopo wa halmashauri hauna riba. Unatoka huko unakwenda kusimamia mikopo ya kausha damu? Mimi nauza mitumba, makochi yangu yaliwahi kubebwa watoto wakiwa wamekalia.

Afisa wa Kata
Kampuni ina leseni, dada. Si kausha damu.

Kalamu Nyekundu
Aya nzima umeandika kuhusu pikipiki. Mtu haachi ajira ya kudumu na michango yake ya pensheni PSSSF kwa sababu ya petroli. Kimekukimbiza nini?

Afisa wa Kata
Hakuna kilichonikimbiza.

Kalamu Nyekundu
Sawa. Nipo.

Afisa wa Kata
Basi niseme. Kuna kikundi cha sabuni ya maji, akina mama watano. Agosti 2023 walipata milioni 10. Miezi ya mwanzo walirejesha vizuri, halafu kimya. Siku tatu kabla ya kikao kata yangu ilikuwa ya mwisho kwenye orodha, nikawalipia rejesho la mwezi mmoja, laki nne na ushee, nikijua watanirudishia. Ukaja wa pili. Huu ni wa nane. Nilichukua mkopo benki kupitia mshahara, mkononi imebaki ile theluthi ya mshahara tu. Kwa hiyo 450,000 kwangu si tamaa, ni pumzi.

Na muelewe, sijala hata senti ya mtu.

Chuma Ulete
Mkuu wewe si afisa, wewe ni Hazina ndogo 😂

Dada wa Kiborloni
Subiri. Umekopa kwa riba ili ulipe mkopo usio na riba?

Mama Wawili
Na hao akina mama bila shaka wanakuombea uzima usiku na mchana.

Kalamu Nyekundu
Vikundi vingapi vinadaiwa kwenye kata zako?

Afisa wa Kata
Vinne.

Kalamu Nyekundu
Kwa nini unalipia kimoja?

Afisa wa Kata
Mwenyekiti ni mama mkwe wangu.

Kabla hamjaniparamia: kikundi kilikuwa na vigezo vyote. Katiba, cheti, akaunti, wote ni wakazi. Walipitishwa na kamati, mimi niliandika taarifa ya ukaguzi tu. Nikimpeleka mbele, mke wangu atasema nimemfunga mama yake. Nisipompeleka, naendelea kulipa. Nikiwa Moshi nitapumua. Na kusema kweli kampuni nimeshawaambia nakuja, nyumba Soweto nimelipia miezi mitatu.

Mangi wa Pasua
Kumbe Ijumaa yako ilikuwa Jumatatu iliyopita!

Mstaafu wa Sakina
"Taarifa ya ukaguzi tu." Kijana, kamati ilipitisha kwa kusoma hiyo taarifa. Mama mkwe anaomba mkopo kwenye kata yako, unaandika barua kwa mkurugenzi kwamba una maslahi, akague mwenzako. Karatasi moja. Hukuiandika, iandike sasa, kabla ya barua ya kuacha kazi. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akianza kutafuta vikundi hewa, aliyeondoka ndiye anayetajwa kwanza.

Bwana Chujio
Mnalishwa chai na vitafunwa. Agosti 2023? Mikopo ya asilimia 10 ilisimamishwa Aprili 2023, Waziri Mkuu alitangaza bungeni, vikundi vikaanza kupata tena 2024. Mama mkwe alikopeshwa na malaika? Afisa mwenyewe wa mikopo halijui hilo?

Chuma Ulete
Aiseee. Chujio kamkamata.

Mama Wawili
Na mimi nimesimulia ndoa yangu hapa bure!

Ngoja Waje
Narudisha siti.

Afisa wa Kata
Tarehe nimeigeuza makusudi. Ningeweka ya kweli, ofisi nzima ingenijua kufikia saa nne ya chai.

Bwana Chujio
Na milioni 10?

Afisa wa Kata
Karibu na hapo.

Bwana Chujio
Sabuni?

Afisa wa Kata
Si sabuni.

Bwana Chujio
Mama mkwe?

Afisa wa Kata
Mama mkwe ni mama mkwe.

Dada wa Kiborloni
Huyu namwamini. Mtunga hadithi angejipa sifa, huyu kajipa aibu. Afisa, achana nao, nijibu: hayo marejesho ya miezi nane, risiti zina jina la nani?

Afisa wa Kata
La kikundi. Malipo yanaenda kwa namba ya kikundi.

Dada wa Kiborloni
Hukuandikiana nao hata kwenye daftari?

Afisa wa Kata
Dada, ningemwandikishaje mama mkwe?

Dada wa Kiborloni
Basi kwa makaratasi wewe hujawahi kulipa chochote, wao ndio warejeshaji wazuri. Na lile deni la benki litavuka na wewe mto Kikafu mpaka Moshi.

Mstaafu wa Sakina
Barua kwa mkurugenzi. Leo. Na mkeo umwambie wewe, asisikie kwa mama yake.

Afisa wa Kata
Nimesoma yote. Nitaona nikitoka kikaoni, kesho marejesho yanasomwa.

Kalamu Nyekundu
Na ya mwezi huu umeshalipa?

Afisa wa Kata
Asubuhi.

Mangi wa Pasua
Mkuu, ile nyumba ya Soweto kama huji, nina jamaa anatafuta. Vyumba vingapi?