Kambi kando ya ziwa chini ya mlima: Chala, Duluti, Momella au Jipe?

Mamarombo

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya watu waliolala huko kwa hema, siyo waliopita kupiga picha wakaondoka.

Krismasi tunapanda Rombo kama kila mwaka kutokea Dar, mimi, mume wangu na watoto watatu. Mkubwa ana miaka 13, mdogo sita. Safari hii dada yangu naye anakuja na wanawe wawili. Tumekubaliana tukiwa huko tulale kambini siku mbili kando ya ziwa. Watoto wangu wanaijua Rombo ya sebuleni kwa bibi tu: pilau, soda na katuni. Nataka wafungue zipu ya hema alfajiri wauone mlima umesimama mbele yao.

Nimebaki na majina manne: Chala, Duluti, Momella ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na Jipe. Gari letu ni Noah, la dada ni dogo la chini. Ninachotaka ni choo cha kueleweka, watoto wawe salama karibu na maji, mlima uonekane, na gharama iwe ya wastani maana nyumbani kuna ndafu inatungoja.

Kandoyaziwa

Dada, kwa safari yako jibu ni Chala, na siyo kwa sababu tu iko mlangoni kwenu.

Ukitoka Himo unashika barabara ya Holili, kabla ya mpaka unakata kushoto kwenye vumbi. Unapita mashamba na vichaka, nchi inaonekana kavu tupu, huoni dalili yoyote ya maji. Halafu ghafla ardhi inakatika, unatazama chini, na ziwa liko pale ndani ya kreta. Rangi yake inabadilika, kuna siku ni buluu iliyokolea na kuna siku ni kijani cha kung'aa. Kina chake kinazidi mita 90. Hakuna mto unaoonekana kuingia wala kutoka. Mvua inayonyesha kwenye msitu wa Kilimanjaro ndiyo inayopenya chini ya mawe ya volkano na kulijaza ziwa, kisha maji yanaendelea kutoka chini kwa chini. Mwaka 2016 watafiti walitoboa mashapo ya chini ya ziwa hili ili wasome historia ya mvua na ukame wa Afrika Mashariki, kwa kuwa yamelala humo kwa utulivu miaka mingi mno. Mweleze huyo wa miaka 13 habari hizi mkiwa ukingoni, atakuuliza maswali mpaka usiku.

Mlima wenyewe, kutoka hapo unakutana na kilele cha Mawenzi kwanza, na meno yake yote, na kile kirefu cha Kibo nyuma yake. Watu wa Moshi wamezoea Kibo ya kwenye kalenda, lakini mtu wa Rombo anastahili kuamka na Mawenzi.

Kambi iko juu ukingoni, siyo chini majini. Vyoo na maji ya kuoga vipo. Usiku ni kimya, nyota zote ziko nje.

Mwanahifadhi

Kandoyaziwa, yote uliyosema ni kweli, ila umeacha neno moja: mamba.

Mleta mada ana mtoto wa miaka sita. Ziwa Chala lina mamba, na hili halina mjadala. Mwaka 2002 binti wa Kiingereza wa miaka 18 aliuawa na mamba akiogelea upande wa Kenya. Kabla ya hapo watu wengi walikuwa wakiamini ziwa ni salama. Maji ni maangavu, joto la mchana ni kali, na kijana wa miaka 13 akiyaona atataka kujitosa.

Mimi napendekeza Momella. Unakata kushoto Usa River ukitokea Arusha, unaingia hifadhini, na kabla hujafika kambini watoto wameshaona twiga, nyati, pundamilia na mbega weusi kwa weupe. Maziwa ya Momella ni ya magadi, kila moja lina rangi yake kwa sababu ya mwani, na flamingo wanahama kutoka moja hadi jingine kufuata chakula. Kuna kuendesha mtumbwi kwenye Momella Ndogo ukiwa na mwongozaji. Mlima Meru, mita 4,566, uko juu ya kichwa chako, na asubuhi ikiwa safi unaiona Kilimanjaro upande wa mashariki. Ukitaka kutembea kwa miguu unapewa askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa ajili ya nyati. Watoto hulikumbuka jambo hilo kuliko flamingo wote.

Kandoyaziwa

Mamba sikumwacha kwa kumficha, mkuu. Kambi iko juu, na kutoka hapo hadi majini ni mteremko mkali wa kreta, mita 100 hivi kwa wima. Mtoto wa miaka sita hatelezi kwa bahati mbaya akajikuta ziwani. Kinachotakiwa ni kanuni moja ya familia: hakuna kuogelea, mtoto wala mtu mzima. Na huo mteremko wenyewe watoto wasikaribie bila mkubwa, hasa jioni.

Wewe nawe useme ukweli kuhusu Momella. Kambi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ziko karibu na lango la Momella, chini ya kilima cha Tululusia. Haziko kando ya ziwa. Maziwa unayafuata kwa gari mchana.

Mwanahifadhi

Sawa, hilo nakubali. Anayetaka kulala akitazama maji, Momella haitampa. Na gharama: kiingilio kinahesabiwa kwa saa 24, kambi unalipia kando kwa kila kichwa, gari nalo lina tozo yake. Raia tunalipa kwa shilingi na ni nafuu sana ukilinganisha na mgeni, lakini kwa watu wanane na magari mawili kwa siku mbili, piga hesabu kabla. Malipo ni kwa kumbukumbu namba, usije na noti langoni. Halafu baridi, dada. Pale ni karibu mita 1,500, hata Desemba usiku unahitaji sweta na blanketi zito.

Jirani wa Tengeru

Naona mnabishana mkaisahau Duluti, na ndiyo inayofaa kwa watu ambao hawajawahi kulala kwenye hema.

Iko Tengeru, kama kilomita 13 kutoka Arusha, upande wa kulia wa barabara ya Moshi. Nayo ni ziwa la kreta, dogo, limezungukwa na msitu wa hifadhi unaosimamiwa na TFS, wakala wa misitu wa serikali. Kuna njia ya miguu inayolizunguka ziwa chini ya miti mikubwa. Watoto wanatembea mzunguko mzima bila kuchoka na njiani wanaona kenge, nyani, tumbili na ndege wa kila namna. Furukombe akilia pale, sauti inazunguka ukuta wote wa kreta. Mitumbwi ya kukodi ipo, hakikisha kila mtoto amevaa jaketi la kuelea linalomtosha, maana kina kinaanza karibu sana na ukingo.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba ukisahau chumvi unatembea kwenda kuinunua. Mtoto akipata homa, hospitali iko karibu. Soko la Tengeru ni Jumatano na Jumamosi: ndizi, maparachichi, viazi, unapika kambini chakula kibichi cha siku hiyo. Kwa anayependa historia, Tengeru kuna makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi walioletwa hapa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ni mahali pa kumpeleka kijana wa miaka 13.

Kasoro ni watu. Siku za sikukuu Arusha nzima inashuka Duluti na muziki. Epuka tarehe 25 na 26 kabisa. Na mlima mnaouona ni Meru, tena mawingu yakiruhusu.

Mdau wa Taveta

Hamjambo majirani. Jipe hakuna aliyeitetea, basi mniruhusu.

Upande wetu wa Kenya, Jipe iko kwenye kona ya mbuga ya Tsavo Magharibi, na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wana mabanda na eneo la kambi pale ziwani. Hapo ndipo kweli unalala kando ya maji. Jua linazama nyuma ya milima ya Pare ng'ambo ya ziwa, na Kilimanjaro inajitokeza kaskazini magharibi. Ndovu wanakuja kunywa. Viboko wanatoka usiku kula nyasi karibu na hema, kwa hivyo jua likishazama hakuna mtoto wa kwenda chooni peke yake.

Mlima unaolijaza hilo Chala analosifu Kandoyaziwa unatuletea maji na sisi. Chemchemi zinalisha mto Lumi, Lumi inaingia Jipe, kutoka Jipe ni mto Ruvu unaoteremka hadi Nyumba ya Mungu na mwisho Pangani. Mlima mmoja unanywesha nchi mbili. Shida ni kwamba Lumi inaleta udongo mwingi wa mashambani, ziwa linazidi kuwa na kina kifupi na matete yamelivamia. Inauma kuona, kwa sababu Jipe ina samaki wake wa aina ya perege asiyetokea mbali na maji haya.

Lakini kwa familia hii sitawadanganya. Magari mawili kuvuka Holili wakati wa Krismasi, na makaratasi yake, bima ya kuvuka mpaka na pasipoti za watoto, ni kazi. Malipo ya KWS ni ya mtandaoni. Tena tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mbugani, mje na madumu. Ile gari ndogo ya dada iacheni nyumbani.

Kandoyaziwa

Upande wa Tanzania, Jipe inafikiwa kutokea Kifaru, kabla ya Himo kwa anayetoka Dar. Pazuri kwa matembezi ya mchana na kupanda mtumbwi na wavuvi kutazama ndege. Kulala na watoto huko mimi nisingeshauri: joto, mbu, viboko, na huduma ni chache.

Nesi wa Zamu

Naongeza mambo ya afya, maana nyuzi za safari huyaacha mwishoni.

Mbu kwanza. Jipe iko chini, karibu mita 700, na matete yale ni makazi ya mbu. Chala na Duluti nako malaria ipo. Hema liwe na wavu mzima usiotoboka, zipu ifungwe kabla ya magharibi, watoto wavae mikono mirefu. Mnatoka Dar, msijidanganye kwamba mmezoea. Mkirudi, mtoto akipata homa ndani ya wiki chache apimwe siku hiyo hiyo.

Pili, maji ya kunywa. Maeneo yanayozunguka Meru yana floraidi nyingi kwenye maji, ndiyo maana mnaona meno ya kahawia kwa watu waliokulia huko. Kuchemsha hakuiondoi, kunaua vijidudu tu, na maji yakipungua kwenye sufuria floraidi inazidi kukolea. Kwa siku mbili hamtadhurika, lakini kwa Duluti au Momella ni busara kwenda na maji ya kunywa kutoka dukani, hasa kwa huyo mdogo ambaye meno ya kudumu bado yanajijenga.

Tatu, maji yaliyotuama yenye majani ukingoni yana hatari ya kichocho. Watoto wasichezee pembeni hata pasipo na mamba.

Mamarombo

Nimekaa na mume wangu tumesoma kila neno. Mungu awabariki.

Jipe tumeiondoa, ingawa Mdau wa Taveta umenitia hamu, iko siku nitakuja bila watoto. Momella inanivutia lakini kwa hesabu ya watu wanane itakula fedha ya ndafu, na sisi tunataka kulala palipo na ziwa. Ilibaki Chala na Duluti. Duluti ingeshinda kama tungekuwa tunaishi Arusha. Kutoka Rombo ni kwenda mpaka ng'ambo ya Moshi na kurudi, siku nzima ya likizo inaishia barabarani.

Tunakwenda Chala, tarehe 28 hadi 30, wageni wa nyumbani wakishapungua. Kushuka majini watashuka baba na wakubwa wawili tu, pamoja na mwongozaji, na hawagusi maji. Swali la mwisho: gari dogo la dada litafika? Na nipike kwa mkaa au gesi?

Dereva wa Himo

Gari dogo linafika vumbi likiwa kavu. Mvua za vuli zikichelewa hadi mwisho wa Desemba, ule udongo unateleza na kuna makorongo. Uliza Holili siku hiyo hiyo, bodaboda wa pale wanaijua barabara kwa saa. Ikiwa na tope, liachwe kwa jamaa Himo, Noah irudi mara ya pili kuchukua waliobaki. Mafuta jaza Himo.

Kandoyaziwa

Gesi, mtungi mdogo, na karatasi ya bati au ubao wa kuzuia upepo. Ukingoni kunavuma, na nyasi za pale zikikauka cheche moja ya mkaa inatosha kuwasha kilima kizima. Kwa moto wa jioni tumieni sehemu ile ile iliyotengwa na kambi, na ndoo ya maji iwe pembeni. Ardhi ni ya mawe ya volkano, vile vigingi vyembamba vinavyokuja na hema vinapinda. Fundi wa kuchomelea Himo atakukatia vya nondo kwa dakika chache. Chakula chote kilale ndani ya gari, nyani wa Chala wanafungua zipu.

Mahema yaelekezeni magharibi. Mawenzi inaonekana vizuri kuanzia mapambazuko, saa nne mawingu yameshaifunika.