Mjadala: Itungwe sheria ya kuzilipa shule za serikali zinazofaulisha au zinazopanda daraja?

Mtampa
Wakuu, salaam. Niko Florida, mwanangu anasoma shule ya serikali. Huku bunge la jimbo lilishapitisha sheria tangu 1997: shule ikipata A, au ikipanda daraja, inaletewa fungu, hadi dola 100 kwa kila mwanafunzi. Si lazima uongoze. Aliyetoka D kwenda C naye anakula. Sisi Baraza la Mitihani (NECTA) lilipoacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, hata makofi hatupigi tena. Dodoma wanashindwa nini kutunga ya kwetu?

Chaki Kidoleni
Tulishapita huko, mkuu. BRN ya 2013, ule mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zikapangwa kwa rangi kufuatana na matokeo: kijani, njano, nyekundu. Yetu nyekundu ya damu. Tukakaza, tukapanda. Siku ya sherehe kwenye kata tukapewa cheti na chupa ya chai. Walimu tisa, chupa moja.

Mlipakodi
Kufundisha ndiyo kazi aliyoajiriwa, na mshahara anapokea. Dereva wa daladala hapewi zawadi kwa kufika Kariakoo. Halafu tuambiane ukweli, nani alipata division one akaenda ualimu?

Chaki Kidoleni
Mlipakodi, hayo maneno "division one" nani alikufundisha kuyaandika? Mimi nina two ya pointi 18. Nimekosa one kwa pointi moja, na mwaka ule shule nzima hatukuwa na mwalimu wa fizikia. Sema yako.

Mlipakodi
Mjadala si vyeti.

Wa Mikocheni
😂😂 Amekimbia.

Data Kidogo
Shirika la Twaweza walishalijaribu hili hapa Tanzania, wakaliita KiuFunza. Mwalimu analipwa kwa kila mtoto anayefaulu kusoma na kuhesabu. Ninavyokumbuka, shule zilizopewa ruzuku tupu hazikuonyesha tofauti ya maana. Zilizopewa ruzuku pamoja na motisha ya walimu, watoto walisogea kweli. Kwa hiyo Mlipakodi na daladala lako…

Bi Somo
Jamani, mimi nimebaki palepale. Mwalimu Chaki, hiyo chupa ya chai iko wapi leo?

Chaki Kidoleni
Kwa mwalimu mkuu, dada yangu.

Bi Somo
Ofisini?

Chaki Kidoleni
Nyumbani. Alisema ofisini kuna panya.

Wa Mikocheni
Panya wanakunywa chai?

Mstaafu
Vijana, msiwaseme walimu wakuu ovyo. Nimekalia kiti hicho miaka 11. Ofisi haina kufuli, komeo limefungwa kwa waya wa umeme, dirisha moja limezibwa kwa boksi. Kitu cha thamani unakiachaje humo? Na wageni wa wilaya wakija, chai watakunywa kwenye ndoo?

Mlipakodi
Ahaa! Kumbe zawadi ya shule ni ya kuwanyweshea wageni wa wilaya. Na mnataka muongezwe hela.

Mama wa Wawili
Mnagombea chupa. Mwanangu alibakiza miezi michache kumaliza kidato cha nne, akaambiwa akafanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, asiwashushie wastani. Shule siitaji. Wakati huo hakukuwa na hata senti iliyotegemea huo wastani. Ikiwekwa, wangapi wataonyeshwa geti?

Mlipakodi
Mama pole. Ila Mstaafu hajajibu kuhusu wageni.

Mtampa
Hata huku mgao ni vita. Sheria inataka wafanyakazi na baraza la shule wakubaliane nani apate nini. Wasipoelewana kufikia Februari 1, fungu lote wanagawana sawasawa walimu wa darasani. Mpishi na mfagizi wanaangalia tu.

Bi Somo
Basi na chupa ingekatwa vipande tisa. Mimi nachukua kifuniko.

Data Kidogo
Mama wa Wawili ameuliza swali zito, mbona hakuna…

Chaki Kidoleni
Samahani, Data, subiri kidogo. Mstaafu, shikamoo. Hilo komeo la waya, na hilo dirisha la boksi, nimevifahamu. Ulikuwa kata gani, mzee wangu?

Mstaafu
Marahaba. Shule zenye komeo la waya ni nyingi nchi hii.

Chaki Kidoleni
Ni kweli. Ila chupa yetu ilikuwa ya bluu, ina maua.

Mstaafu
Ilikuwa ya kijani. Turudi kwenye mada.