Tupeane uzoefu: Waigbo wa Marekani wanavyopata kutambuliwa rasmi na miji wanayoishi

Mleta mada: Wadau, habari zenu. Kila Agosti Waigbo (watu wa kusini mashariki mwa Nigeria) walioko Marekani husherehekea Iri ji, sikukuu ya viazi vikuu vipya, na baadhi ya jumuiya hupokea siku hiyo tamko la meya lenye muhuri wa mji. Wanaojua utaratibu watumwagie hatua, hasa pale mambo yanapokwama.

Karani Mstaafu: Kwanza tenganisheni vitu viwili. Tamko la meya ni heshima tu, halipigiwi kura. Azimio la baraza la mji hupigiwa kura na huingia kwenye kumbukumbu za kikao, kwa hiyo hata miaka kumi baadaye mtu anaweza kuliomba kwa karani akalipata. Mkiweza, ombeni azimio.

Miji mingi hutaka mwombaji awe mkazi, na ombi lifike wiki kadhaa kabla. Rasimu andikeni wenyewe: aya nne au tano za "Kwa kuwa", halafu "Kwa hiyo sasa". Kila "Kwa kuwa" ibebe jambo moja linalothibitika: mwaka chama kilipoundwa, zoezi la kupima presha bure, darasa la Kiigbo la Jumamosi. Sifa za jumla hukatwa.

Kinachoangusha wengi ni wingi wa vyama. Kuna cha mji wa nyumbani, cha jimbo, cha akina mama, na cha mwavuli. Viwili vikiomba kila kimoja kivyake, ofisi huogopa kuingizwa kwenye ugomvi, na faili hulala. Malizaneni kwanza, ipelekwe barua moja yenye saini za viongozi wote.

Mhasibu wa Vyama: Naongezea upande wa usajili, maana bila huo ruzuku za mji mtazisikia tu. Sajilini chama kwenye jimbo, mchukue namba ya mwajiri ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani (ni bure), kisha muombe hadhi ya 501(c)(3), yaani chama cha hisani kilichosamehewa kodi ya mapato. Kama mapato ya mwaka hayazidi dola 50,000 na mali haizidi dola 250,000, fomu ni 1023-EZ, ada dola 275. Mkivuka hapo ni fomu 1023 yenyewe, dola 600.

Chama cha kuzikana kinachowafaidi wanachama peke yao hakistahili hadhi hiyo. Lazima umma unufaike. Wengi hutenganisha mfuko wa misiba na chama cha hisani, na nadhani wanafanya sawa kabisa. Tena, 501(c)(3) haimpigii debe mgombea yeyote. Kuandikisha wapigakura ruksa, na mdahalo unaoalika wagombea wote ruksa.

Halafu kila mwaka mpeleke IRS taarifa yenu; kwa chama kidogo ni ile fupi ya mtandaoni, 990-N. Mkiruka miaka mitatu mfululizo, hadhi inafutika yenyewe. Mara nyingi chanzo ni mweka hazina aliyeondoka na nywila.

Takwimu: Tamko huning'inizwa ukutani, mipango ya mji hufuata takwimu. Kwenye sensa ya 2020, chini ya kisanduku cha "Mweusi", kulikuwa na nafasi ya kuandika asili, na anayeacha wazi anapotelea kwenye jumla. Dodoso la kila mwaka la Ofisi ya Sensa huuliza pia lugha ya nyumbani. Andikeni Kiigbo, ingawa kwenye majedwali mengi kimewekwa fungu moja na Kiyoruba na Kitwi. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura, kinacholazimisha msaada wa lugha kwenye uchaguzi, hakigusi lugha za Afrika, kwa hiyo mkalimani au fomu ya Kiigbo huombwa kwa mji au kaunti.

Mama Kikao: Muda wa wananchi kusema barazani ni kama dakika mbili au tatu kwa mtu. Jiandikisheni mapema, asimame msemaji mmoja na ombi moja, wengine wakae wajaze viti. Diwani huhesabu vichwa.

Mswahili wa Ughaibuni: Tunaotaka tamko la Siku ya Kiswahili, 7 Julai, njia ni hiyo hiyo. Ila tarehe inafuata sikukuu ya 4 Julai na mabaraza mengine huwa mapumzikoni, kwa hiyo ombeni liwekwe kwenye kikao cha Juni.