Baridi imeniharibu ngozi na nywele, na sasa nina michoro kama wavu miguuni

NgoziKavu
Wadau habari za humu. Huu ni mwezi wa pili wa baridi kali na mwili wangu siuelewi. Nikipitisha ukucha mguuni unabaki mstari mweupe, unaweza hata kuandika jina. Visigino vina magaga mpaka vinanasa shuka. Nywele ndiyo usiseme: nikichana, sinki linajaa vipande vifupivifupi.

Na siyo kwamba nimekaa tu. Naoga maji ya moto hasa, nikitoka nawasha hita chini ya meza na kuisogezea miguu. Asubuhi napitisha pasi ya nywele harakaharaka hata kama hazijakauka, maana siwezi kutoka nje kichwa kimelowa.

Kilichonitisha ni cha juzi. Kwenye miundi nimeona michoro ya kahawia kama wavu. Haiwashi, haiumi. Nimeisugua kwa dodoki nikidhani ni uchafu. Nipake nini?

MpitaNjia
Dodoki tena! Pole dada. Naweka kambi hapa nisubiri wajuzi. Ila na mimi nina langu: baridi ikinipiga natoka vipele mwili mzima kama kuku aliyenyonyolewa. Ni ugonjwa?

ShangaziMizizi
MpitaNjia, huna ugonjwa. Kila kinyweleo kina kimsuli chake chini ya ngozi, baridi ikikaza kinavuta na unywele unasimama. Mnyama mwenye manyoya mengi hapo anakamata hewa ya kumtia joto. Sisi tumebaki na vipele tu.

NgoziKavu mdogo wangu, baridi unaisingizia. Rudia kusoma ulichoandika: kila penye tatizo umepeleka moto.

Ni kweli baridi ina lake. Mishipa ya damu ya juu inasinyaa ili joto la ndani libaki karibu na nyuzi 37, na hewa ya baridi inabeba maji kidogo. Lakini hewa hiyohiyo ukiipasha kwa hita bila kuiongezea unyevu, inazidi kuwa na kiu, na inakunywa kwako. Wakati huo maji ya moto yameshakuosha mafuta yaliyokuwa yanazuia maji ya ngozi yasitoke. Oga maji ya uvuguvugu, usikae sana.

Nywele: vipande vina kitone cheupe mwishoni?

NgoziKavu
Hapana shangazi. Vimekatika tu katikati.

ShangaziMizizi
Basi mzizi ni mzima, unaoharibika ni unywele wenyewe. Ukiubana na pasi ukiwa na maji, maji yanachemka humo ndani, mvuke unatafuta pa kutokea na unaacha mapovu. Ule mlio wa "chiii" unaousikia ndio huo. Penye povu ndipo panapokatika. Kausha kwanza kabisa, na moto usifike nyuzi 200, huko unaunguza protini yenyewe.

Michoro ni ya hita. Joto lisilounguza, likirudiwa siku baada ya siku mahali palepale, linachora hivyo. Kompyuta ya mapajani na chupa ya maji ya moto zinafanya vilevile. Jina lake la Kilatini maana yake ni wekundu wa moto, ila kwenye ngozi nyeusi wekundu huuoni, unaona kahawia. Ukiacha mapema inafifia yenyewe, japo inaweza kuchukua miezi. Pakitoka kidonda au kinundu, nenda kwa daktari wa ngozi.

ChumaBaridi
Mnamdekeza. Aoge maji baridi, ngozi itazoea.

Mabaka
Usimshauri kila mtu hivyo mkuu. Mimi maji baridi yananitoa mabaka yaliyovimba na kuwasha. Daktari aliniwekea kipande cha barafu mkononi dakika chache, alipokitoa ngozi ikavimba umbo lilelile la barafu. Nimekatazwa kuogelea maji baridi, mwili mzima ukivimba kwa pamoja mtu anaweza kuzimia humohumo majini.

NgoziKavu
Hita nimeisukuma ukutani, nimevaa soksi mbili. Dodoki nimelistaafisha. Shangazi, mafuta mgando nipake nikishajikausha kabisa?

ShangaziMizizi
Hapana, jifute juujuu tu, upake ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta mgando hayaongezi maji, yanafungia yaliyopo. Visigino vipake usiku, uvivalishe hizo soksi zako mbili.