Wenye nyumba wa Kariakoo: walifukuzwa au waliuza wenyewe?

Mleta mada: Siku hizi kila lawama Kariakoo ni "wageni". Haya, amri ya 2025 imewazuia wasio raia biashara 15, rejareja ikiwemo. Swali langu ni la nyuma zaidi: wenye nyumba wa Narung'ombe, Sikukuu na Mafia walitolewa na nani? Mimi nasema waliuza wenyewe vile vibanda vyao vya udongo wakahamia Mbagala.

Boriti: Vibanda? Rudia tena. Nyumba ya Kiswahili ina korido katikati, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, baraza mbele, ua nyuma wenye jiko na choo. Nguzo za mikoko zinachimbiwa, fito zinafungwa kwa mlalo ndani na nje, katikati mawe na udongo, juu lipu ya chokaa. Hicho ni kibanda?

Mzee wa Fremu: Mchwa wanajibu kwa niaba yangu 😂

Boriti: Mchwa hupandia pale nguzo inapoingia ardhini, hasa maji ya paa yakiwa yanarukia ukuta. Ndiyo maana upenuni paa linashuka na baraza inainuliwa. Nguzo ikioza unabomoa udongo wa chini, unasimika nyingine ubavuni, unafunga fito, unakandika upya. Chumba kimoja kimoja, mpangaji hahami. Haya, badilisha nguzo ya ghorofa namna hiyo tukuone.

Kijana wa Gerezani: Mnabishana udongo wakati Nyerere alizitaifisha nyumba zote 1971.

Mtoto wa Mission Kota: ZOTE? Acha hizo. Sheria ile iligusa majengo yaliyopangishwa yenye thamani kuanzia shilingi laki moja. Waliopigwa zaidi ni Wahindi wa mjini. Nyumba ya fito ya Mzaramo ingeifikia wapi laki ya enzi hizo?

Kijana wa Gerezani: Sawa mwalimu. Na jina Kariakoo ni la Mjerumani, au hilo nalo nimekosea?

Mtoto wa Mission Kota: Umekosea. Jengo la soko ndilo alilianza Mjerumani. Mwingereza alipouteka mji 1916 akawaweka humo wapagazi wake wa jeshi, Carrier Corps, ulimi wa watu ukamaliza kazi. Nairobi nao wana Kariokor yao, asili hiyo hiyo. Mnazi Mmoja uliachwa wazi makusudi ili Mwafrika akae mbali na Uhindini. Kwa hiyo "mwenyeji" wa Kariakoo ni nani? Mmanyema, Mnyamwezi na Mzaramo walikutanishwa pale na mkoloni.

Mzee wa Fremu: Mwenyeji ni anayelipa kilemba, ile hela ya kuachiwa fremu ya duka.

Bi Korido: Nyie wanaume mmeliruka jambo lenyewe. Ni mirathi. Chukua nyumba ya vyumba sita. Mzee kafa, kaacha mjane, wana wanne, mabinti wawili. Kwa mirathi ya Kiislamu mjane thumni, yaani moja ya nane: robo tatu ya chumba. Kinachobaki mafungu kumi, mwana mawili, binti moja: kila mwana chumba kimoja na kipande, kila binti nusu chumba. Nani analala nusu chumba? Msimamizi anateuliwa mahakama ya mwanzo, kikao cha kwanza tu mmoja anataka chake taslimu. Wenzake hawana za kumlipa, basi nyumba nzima sokoni. Hakuna aliyefukuzwa, na wala hakuna aliyetaka kuuza.

Mzee wa Fremu: Si wangeingia ubia? Wao kiwanja, mjenzi fedha.

Bi Korido: Ubia ambao mkataba hautaji ghorofa ipi ya nani? Mjenzi anabaki na fremu za chini, warithi wanapewa juu ambako mteja hapandi. Kiandikwe: fremu namba fulani, miaka mingapi, nani analipa kodi ya ardhi.

Kijana wa Gerezani: Na ghorofa lenyewe lisianguke kama lile la Kariakoo la Novemba 2024.

Mleta mada: Nafuta neno "vibanda". Turudi kwenye mada sasa.

Boriti: Umechelewa. Halafu kuna aliyeniuliza pembeni kama lipu ya saruji inafaa juu ya udongo. Haifai. Udongo unavimba na kusinyaa, saruji imekakamaa, maji yanaingia nyuma yake na ganda zima linabanduka. Tumia chokaa ya matumbawe, iliyolowekwa ikalala.

Mzee wa Fremu: Ilale siku ngapi?